Njia ya Mama Ilikuwa ya Kuja Tu

Magari yalimkataa mama yangu. Kuyaogopa hakuyaogopa, na alipenda kusimama kando ya barabara pale Mshangano, mtaani kwetu Songea, akiyatazama yanavyopita, lakini akishapanda na mlango ukafungwa, harufu ya dizeli ilimwingia tumboni na kila alichokula tangu jana kikaanza kurudi. Kaka yangu mkubwa, mtumishi wa serikali na mtu wa heshima zake, alijaribu mara moja kumpeleka kwao ziwani. Akamkatia tiketi ya kiti cha mbele, akampa limau la kunusa na mfuko wa nailoni. Hata njia panda ya Peramiho hawakufika. Mama alikuwa amelala sakafuni kati ya magunia, macho meupe, abiria wakimpigia dereva kelele asimame kabla hawajasafiri na maiti. Wakashuka, gari likaenda zake na limau. Mama alikaa kwenye majani mpaka rangi ikamrudia, akakung'uta kanga, akaanza kurudi mjini kwa miguu, kaka akimfuata na begi kichwani.

Tangu siku hiyo kaka hakutaka kusikia habari za safari ya ziwani. Mimi ndiyo kwanza nikaingiwa na hamu ya kujua.

Mama alikuwa Mnyasa, mzaliwa wa kijiji kimoja cha ufukweni karibu na Mbamba Bay. Baba, Mngoni wa Songea, alikwenda huko akiwa kijana kujenga nyumba za misheni, maana alikuwa mwashi. Aliporudi alirudi na mke. Walikuja kwa miguu wakivuka milima yote ya Umatengo, pamoja na shangazi wa mama na wabeba mizigo wachache. Mama hakurudi tena. Kwanza palikuwa na watoto, kisha mashamba, kisha ugonjwa wa baba, na baba alipofariki palibaki magari, na magari nimeshaeleza.

Huko ziwani alikuwa amebaki dada yake mmoja tu, mkubwa wake. Zama hizo za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtu alikuwa amegeuka mfanyabiashara, na akina mama wa ziwani walianza kuleta dagaa wao wenyewe mpaka soko la Songea. Pamoja na dagaa walileta salamu. Mwaka wa kwanza salamu zilisema dada hajambo. Uliofuata zilisema macho yanamsumbua. Kisha akaja mchuuzi mmoja, akamwekea mama dagaa kwenye ungo na kusema, bila kupunguza neno, "Dada yako anauliza: unangoja kuja kunizika?"

Mama alipepeta dagaa wale kwa muda mrefu kuliko walivyohitaji kupepetwa.

"Nitakwenda," akasema.

"Kwa nini?" nikamwuliza, nikiwa na maana ya kwa usafiri upi.

"Kwa sababu ni dada yangu," akajibu kwa ukali, nikaona swali langu limefika vibaya.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, na nilikuwa na ugonjwa wangu mmoja ambao majirani waliujua: nikiambiwa jambo haliwezekani, silali vizuri mpaka nimelichokonoa. Nilikuwa pia na baiskeli ya marehemu baba, ile nyeusi ya Kichina yenye keria ya kubebea gunia. Niliipanda kwenda shule kila siku, na wale waliosema mwanamke hapandi baiskeli walikuwa wamechoka kusema. Basi nikapiga hesabu yangu. Gari limemkataa. Miguu peke yake haitoshi, maana magoti yake yalishaanza kulia kama bawaba. Kati ya gari na miguu kuna nini? Kwenye tambarare nitambeba kwenye keria. Kwenye vilima vidogo atashuka, atapanda. Kwenye milima tutatembea, mimi nikisukuma. Likizo ya mwezi wa sita ilikuwa inakuja, mvua zimekwisha, barabara imekauka. Kwa nini isiwezekane?

Kaka nilipomwambia aliweka kikombe chini. "Mama yetu apitishwe mjini kwenye keria kama gunia la mahindi? Watu watasema nini?"

"Watasema anakwenda kwa dada yake."

"Wewe una kichaa."

"Basi lete wewe njia nyingine, kaka."

Hakuwa nayo. Akanywa chai yake kwa hasira, na mimi nikaanza kupanga.

Kupanga kwenyewe kulinipa raha ambayo sikuitegemea. Tangu utoto nilikuwa nimeitazama milima ya magharibi, ile inayoonekana ya bluu jioni, nikijiuliza nyuma yake kuna nini. Nilijua kwa kitabu kwamba kuna ziwa. Kwa kitabu nilijua pia kwamba kuna simba wa baharini, na sikuwahi kumwona. Sasa nilikuwa na sababu ya kuuliza, na niliuliza kila mtu. Madereva wa malori walinieleza barabara kwa mashimo yake. Mtawa mmoja wa Peramiho alinieleza kwa parokia, wapi utapata maji na wapi utapata kitanda. Mnunuzi wa kahawa, mmoja wa wale wa binafsi walioanza kujitokeza wakati huo, alinieleza kwa bei. Kila mmoja alikuwa na barabara yake, na ukiziweka pamoja hazikufanana hata kidogo.

Mtu pekee niliyemjua aliyeipita kwa mguu alikuwa mama. Jioni moja nikamtandikia mkeka uani, nikamletea bakuli la maharage.

"Nipangie njia," nikamwambia. "Mekundu tunapanda, ya njano tunashuka. Mto weka punje ya hindi."

Alicheka, lakini akakaa. Akaanza kupanga, na mimi nikashangaa jinsi mkono wake ulivyokuwa hausiti. Maharage mekundu, mengi, mengi sana, yakifuatana. "Hapa siku nzima ni kupanda. Hapa shangazi alinipa muhogo wa kuchoma. Hapa viatu vya baba yako vilikatika, akavitupa korongoni, akatukana kwa Kingoni akidhani sielewi." Njano moja, mekundu mawili. "Hapa kuna baridi ya kukata masikio." Punje ya hindi. "Hapa maji yalinifika kiunoni, nikabebwa." Alikuwa haelezi vijiji wala majina. Alikumbuka kwa mwili wake, wapi ulichoka, wapi uliona njaa.

Kisha akakirudisha kidole karibu na mwisho wa yale mekundu ya kwanza. "Na hapa kuna kona. Wote walisimama, wakaweka mizigo, wakageuka kuitazama nyanja mara ya mwisho." Kwao ziwa huitwa nyanja, na mama hakuwahi kuliita vinginevyo.

"Inaonekanaje kutoka juu?" nikauliza kwa pupa.

"Sijui."

"Hujui vipi na ulikuwa hapo?"

"Mimi sikugeuka. Bibi harusi hageuki. Shangazi alinishika shingo tangu mlangoni kwetu: ukitazama nyuma, ndoa yako itakuwa ya kutazama nyuma. Alitembea nyuma yangu, kiganja chake hapa, mpaka nyanja ikaisha." Akajigusa kisogo. "Nilisikia tu wengine wanasema, ah! ah! Utaniulizaje kitu nilichokipa mgongo?"

Niliyatazama maharage yale nikaona jambo lililonichekesha. Mama alikuwa ameipita njia ile upande mmoja tu. Alikuwa ameipanga kutoka ziwani kuja Songea, kwa sababu hakuwa na nyingine. Njia ya mama ilikuwa ya kuja tu. Nikahama, nikakaa upande wa pili wa mkeka, nikaisoma kinyume: palipokuwa pekundu pawe njano, palipokuwa njano pawe pekundu. Na safu ile ndefu ya mekundu, siku yake nzima ya kupanda akilia, kwetu ikawa mteremko mmoja mrefu mpaka ufukweni.

"Mama," nikasema, "mwisho wa safari tutateleza tu. Utakaa kwenye keria, upepo unakupepea, mpaka kwa dada."

"Kweli?" Macho yake yalikuwa ya msichana. Sijasahau alivyouliza vile.

Nikajikita kwenye kupanda. Palikuwa na tajiri mmoja mjini aliyekuwa ameleta baiskeli za mtumba kutoka Ulaya, nyembamba, zenye gia nyingi na stelingi iliyopinda kama pembe za kondoo dume. Nikaomba kuijaribu mojawapo. Nilipanda nayo kilima kile cha kwenda hospitali nikiwa nimekaa, nafumba mdomo nisicheke barabarani. Nikampeleka mama aione. Aliizunguka mara moja.

"Keria iko wapi?"

"Haina, mama. Ina gia."

"Kwa hiyo mimi nitakaa kwenye gia?"

Tukabaki na ya baba. Nikampelekea fundi, akabadilisha friwili, akafunga spoku mpya nyuma. Kila nikitoka shule nilifunga gunia la mahindi kwenye keria na kulipandisha vilima vya Mshangano, watoto wa darasa langu wakinihesabia nimesimama mara ngapi. Mapaja yaliuma, kisha yakazoea. Mama alikuwa anashona mto wa sufi wa kukalia. Alikuwa ameanza kuimba nyimbo za Kinyasa ambazo sikuwahi kuzisikia.

Mtu wa mwisho kuulizwa alikuwa mtani wangu. Huyu alikuwa Mmatengo, muuza mitumba sokoni, na kila msimu wa kahawa alipeleka mizigo ya nguo kwao milimani kwa baiskeli, kwa sababu wakati huo ndipo watu wake wanakuwa na fedha mfukoni. Sisi Wangoni na wao tuna utani wa zamani. Babu zetu waliwavamia, wao wakapanda milimani wakajificha, na ugomvi ule tunaumaliza kwa mdomo mpaka leo. Mtani wangu aliweza kuninyang'anya ndizi niliyokwisha kuimenya na mtu asiseme neno.

"Wewe kabinti ka Kingoni," alianza, "babu zako walitufukuza mpaka tambarare ikatuishia. Leo unakuja kuniuliza njia ya kwetu? Mnataka kumalizia waliobaki?"

"Wa kazi gani? Nawapita tu. Nampeleka mama kwao ziwani."

"Mama yako ni Mnyasa? Basi pita. Wanyasa walituuzia samaki, hawakutukosea." Akafunga meza yake mapema, akaja nyumbani kuyaona maharage.

Mama alikuwa ameyaacha pale pale, chini ya ungo. Mtani alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, utani ameuacha mlangoni, akachuchumaa na kuyatazama kwa makini. Akakubali mto. Akakubali baridi. Nikamwonyesha kwa majivuno safu ile ndefu ya mwisho. "Na hapa tunateleza mpaka kwenye mchanga."

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wangoni! Mnajua kupanda tu, kwa sababu mlikuwa mnatufukuza. Kushuka hamjui, maana mlishuka mikono mitupu!" Akafuta machozi. "Mtani, sikiliza. Kupanda mlima hakujamwua mtu. Mtu akichoka anakaa. Ukishuka na mzigo, utakaa wapi? Raba za breki zitatoa moshi kabla hujafika nusu. Baada ya hapo una miguu yako na Mungu."

"Nyinyi mnashukaje na magunia ya kahawa?"

"Tunakata tawi kubwa la mti, tunalifunga nyuma ya keria kwa kamba, linakokota. Hilo ndilo breki. Barabara za kwetu zinafagiwa kila siku na hatujaajiri mfagiaji."

"Basi na sisi tutafunga tawi."

Uso wake ukaacha kucheka. Akasema kwa sauti ya chini, akimtazama mama, "Gunia la kahawa likidondoka linaokotwa. Kwenye makali yale ya mteremko hatumpakii mtu, mtani. Hata mke wangu anashuka kwa miguu."

Hapo ndipo tulipokwama. Kupanda, mama aliweza. Alipanda taratibu, akipumzika, goti likinung'unika tu. Kushuka ndiko kulikokuwa na visu. Kila hatua ya kuteremka ilimchoma chini ya goti mpaka akang'ata mdomo. Hii niliijua, na ndiyo maana mteremko ule niliupangia keria. Sisi watu wa Songea, barabara zetu zinapanda kidogo na kushuka kidogo, na kila kilima tunakililia upande wa kupanda. Upande wa pili tunauita zawadi. Nilikuwa nimembebea mama yangu zawadi ile moyoni kwa wiki nyingi, na sasa nilitaka kulia kwa hasira. Nilimchukia mtani kwa kusema kweli. Nilikichukia kicheko chake, na mlima wake, na matawi yake.

Mama alikuwa anayarudisha maharage kwenye bakuli, moja moja.

"Mbona mmenyamaza?" akasema. "Mtoni ninashukaje kila siku?"

Nyumba yetu ilikuwa juu ya mteremko, na mto uko chini. Hilo sikuwahi kujiuliza, mimi ninayejiuliza kila kitu. Akainuka, akachukua ndoo, akatuongoza mpaka ukingoni. Akageuka, akaupa mto mgongo, akashika majani kwa mkono mmoja, na kuanza kuteremka kinyumenyume, vidole vya mguu vikitangulia kupapasa, uso wake ukitutazama sisi. Hakung'ata mdomo. Alishuka kama mtu anayeshuka ngazi.

"Goti halijui kwamba linashuka," akatupigia kelele kutoka chini. "Linadhani linapanda!"

Mtani alisahau kucheka. Ndiye aliyesema, "Tatizo ni mahali pa kushika. Kule makali hayana majani."

Tulilichokonoa jambo lile jioni nzima. Fimbo ilimteleza. Nikimshika mikono, tulianguka wote. Mwishoni nikaigeuza baiskeli ya baba, gurudumu la mbele likatazama juu mlimani na keria ikatazama chini. Mama akasimama chini akiishika keria kwa mikono miwili. Mimi nikasimama juu, kwenye stelingi, vidole kwenye breki. Nikilegeza, baiskeli inashuka hatua moja. Nikibana, inasimama, naye ana mahali pa kuegemea. Legeza, bana. Legeza, bana. Tukafika mtoni hivyo, tukitazamana, baiskeli ikiwa katikati yetu inakwenda kinyumenyume na mama anakwenda kinyumenyume. Majirani walitoka na watoto wao. Mmoja aliuliza kama ni ngoma mpya.

"Na mizigo naibeba mimi," akasema mtani, "na tawi langu. Nakwenda kwetu hata hivyo. Lakini Mngoni atanilipa kwa kuniamkia kila asubuhi."

Tulifanya mazoezi kila jioni. Mara moja kaka alitukuta katikati ya mteremko, yeye na viatu vyake vilivyong'arishwa. Alisimama juu akitazama, na nilijua anatafuta la kusema, watu, heshima, jina la baba. Mama hakumwona, maana jasho lilikuwa limemwingia machoni. Kaka akavua koti, akalitundika kwenye mpera, akashuka mpaka nilipokuwa.

"Unabana sana," akaniambia. "Unamshtua. Lete." Akazishika breki yeye, akamteremsha mama mpaka mtoni, polepole kuliko mimi. Siku ya kuondoka alileta koti lake zito la baridi, akamvika mama, na kwenye kilima cha kwanza alisukuma baiskeli yeye mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu wote wa mji.

Safari yenyewe ilikuwa kama ilivyopangwa, isipokuwa mahali ambapo haikuwa. Tambarare nilimbeba mama, naye akawasalimia watu wote kama askofu. Tulilala kwenye misheni alizotutajia mtawa, tukapasua tairi karibu na Kitai, tukangoja solesheni ikauke huku mama akitusimulia jinsi kila kitu kilivyokuwa kichaka. Alikuwa anageuza kichwa kila wakati. "Ule mlima ulikuwa mkono huu," alisema, akionyesha kulia, wakati mlima uko kushoto. Alihitaji kusimama, kugeuka kuelekea Songea, na ndipo alipoitambua njia: ndiyo, hapa, maji ya kiunoni.

Baada ya Mbinga niliona kwa macho yangu vilima vya Wamatengo, vimechimbwa mashimo ya ngolo, kilimo chao cha asili, mpaka kileleni, kila shimo na matuta yake, mlima mzima umefumwa kama ungo. Nilimwuliza mtani maswali mpaka akaniambia kinywa cha Mngoni ni hatari kuliko mkuki wake. Tulilala kwake. Mkewe alitupa ugali na maharage, akampaka mama mafuta ya moto magotini.

Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi ile ya kukata masikio. Mtani alikata tawi, akalifunga nyuma ya mizigo, akatangulia, na tukalisikia likikwaruza barabara mbele yetu. Sisi tukageuza baiskeli. Mama akaupa mteremko mgongo, akashika keria. Legeza, bana. Palipolala kidogo alitembea ubavuni kwangu. Palipokuwa na makali tulirudi kwenye ngoma yetu.

Jua lilipokwisha kuula ukungu, tulikuwa kwenye kona moja yenye jiwe kubwa. Nikainua macho juu ya kichwa cha mama, nikaliona ziwa.

Sitajaribu kulisema sana. Nilikuwa nimejiuliza habari zake maisha yangu yote na hakuna nililokuwa nimelikisia likawa sawa. Nilitafuta mwisho wake kulia, nikatafuta kushoto, nikakosa. Ng'ambo kulikuwa na utusitusi tu. Nadhani nilisema, "Ah!"

Mama aliutazama uso wangu. Alikuwa ameusikia mlio ule mara moja, miaka mingi iliyopita, kwenye kona hii hii.

"Umeiona?" akauliza.

"Nimeiona, mama."

"Usiniambie."

Alisimama akiwa ameishika keria, nyanja yote ikiwa nyuma ya mgongo wake. Nikaona mkono mmoja unaiacha keria, unakwenda kisogoni, unapapasa pale ambapo kiganja cha shangazi kilikuwa. Hapakuwa na kiganja.

"Bana breki," akasema. "Bana sana."

Nikabana. Akaachia mkono wa pili, akageuka.

Aliitazama mpaka mtani akarudi kupanda kuona kama tumeanguka. Alipotuona akasimama mbali, akavua kofia.

"Kumbe kubwa hivi," mama akasema mwisho. "Na mimi nilikuwa nasema naikumbuka."

Tulifika kwa dada yake alasiri. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka wa ukindu, mdogo kuliko nilivyomdhania, macho yake yamefunikwa na utando mweupe. Hakuwa akiona chochote tena zaidi ya mwanga. Mama alipiga magoti mbele yake, yale magoti, bila kulalamika, akamshika mikono. Walilia kwanza. Kisha dada akaanza kumpapasa uso, mashavu, masikio, kama mtu anayechagua embe gizani.

"Umekuja na gari?"

"Magari yamenikataa. Nimekuja na mwanangu."

Dada akaacha kumpapasa, akamshika mkono. "Siku ile ulipoondoka," akasema, "nilisimama pale mchangani. Nilipunga kanga mpaka mkono ukafa. Nilijua ukifika kwenye kona utageuka. Waliniita kula, sikwenda. Hukugeuka, mdogo wangu."

"Leo nimegeuka, dada."

"Leo?"

"Leo asubuhi. Pale pale kwenye kona."

Dada akaukaza mkono wake. "Ukaniona?"

"Nilikuona," mama akasema. "Ulikuwa unapunga."

Kutoka kwenye kona ile huwezi kumwona mtu aliye ufukweni. Hata nyumba huzioni, ni miti tu na maji. Nilimtazama mama, na mimi mwenye maswali yote, hilo sikumwuliza.